Umevaa 'Visit Tanzania' kifuani, Ngorongoro umefika lini?

JULAI 2, 2022, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Yanga na Coastal Union. Nani kasahau? Abdul Suleiman 'Sopu' alipiga hat-trick peke yake, dakika 120 zikaisha 3-3, Yanga wakabeba kwa penalti 4-1. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza diploma ya uandishi wa habari. Wakubwa walikaa jukwaani, mimi nikatumwa getini kuokota maoni ya mashabiki. Kazi ya kuruta.

Pale nje nikakutana na basi lililotoka Dar na watu wa tawi moja la Yanga. Mzee mmoja wa makamo, jezi ya kijani, sauti imekauka kwa kushangilia, akaniita pembeni. Nikadhani anataka kuongelea penalti.

"Dogo, hivi Ngorongoro ni mbali na hapa?"

Nikamwambia si mbali, kama kilomita 160 hivi mpaka getini, lami mwanzo mwisho. Mtu akiondoka Arusha alfajiri, asubuhi anapiga picha juu ya kreta. Akaguna, akatazama basi lao, akatazama wenzake waliokuwa wameshaanza kulala vitini.

"Tungejua," akasema.

Alfajiri basi likageuza. Zaidi ya kilomita 600 kuja, zaidi ya 600 kurudi, na kitu ambacho watu wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kukiona wamekiacha nyuma kwa mwendo wa saa tatu. Hiyo "tungejua" imekaa kichwani mwangu hadi leo, na ndiyo inayonifanya niandike haya kwenye kurasa ambazo kwa kawaida tunabishana kuhusu VAR.

Ila niseme ukweli, mimi wa kumcheka mzee yule sikuwa. Nimezaliwa kata ya Daa, wilayani Karatu. Mlima Oldeani tulikuwa tunauona kila asubuhi ukungu ukikubali kuondoka. Tukitoka shule tunakaa kando ya barabara kuhesabu magari ya watalii, kila mtu na rangi yake: wewe ya kijani, mimi ya mchanga, anayefikisha 20 kwanza kashinda. Magari yanapita, mikono myeupe inatupungia, nasi tunapunga. Baba alikuwa shabiki wa Simba wa kufa mtu, na simba mwenyewe mwenye manyoya hajawahi kumwona, na wanyama hao wako nyuma tu ya mlima tunaouangalia. Mimi nilishuka kreta kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 24, tena kwa sababu ya kazi. Nilishangaa kama mgeni kutoka Oslo.

Sasa angalia tunavyofanya kwenye mpira. Timu yetu ya vijana chini ya miaka 20 inaitwa Ngorongoro Heroes. Wale wa chini ya 17 ni Serengeti Boys. Kina dada ni Twiga Stars. Tumelia na Ngorongoro Heroes walipokwenda Mauritania kwenye fainali za Afrika za 2021, tukalia nao tena Misri 2025. Mwaka huohuo wa 2021 Simba walivaa 'Visit Tanzania' kifuani kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, ndiyo jezi iliyompiga Al Ahly kwa Mkapa, bao la Luis Miquissone. Jezi iliuzika. Kila kijiwe ilikuwepo. Yaani tumemwambia Mwarabu atembelee Tanzania, Mkongomani atembelee Tanzania, na aliyeivaa anaishi Tanzania na hajafika hata Mto wa Mbu.

Utasikia jibu lile lile: hela. Ni kweli kwa kiasi fulani, nitalirudia. Lakini shabiki wa Tanzania si mtu asiyesafiri. Mfuate Mwanza, Songea, Bukoba, Mbeya, utamkuta na vuvuzela lake. Msimu wa 2024/25 Coastal Union walihamishia mechi zao za nyumbani Arusha, Simba na Yanga zikapanda, na nyomi ikapanda nazo. Watu walijaza uwanja, wakala nyama choma, wakarudi. Nauli ya kufika Kanda ya Kaskazini, ambayo ndiyo kubwa, walikuwa wameshailipa. Kilichobaki kilikuwa kipande kidogo cha barabara na siku moja ya ruhusa.

Na kalenda ya kule inaendana na ya Ligi Kuu kuliko unavyodhani.

Chukua Januari. Huku mjini tunakesha na dirisha dogo, nani kaja, nani katolewa kwa mkopo. Kule Ndutu, kusini mwa Serengeti ndani ya eneo la Ngorongoro, nako kuna usajili. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanakusanyika kwenye nyasi fupi zilizoota juu ya majivu ya volkano za zamani. Nyasi hizo zina madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji, ndiyo maana wanarudi hapohapo kila mwaka. Kati ya Januari na Machi, hasa Februari, wanazaa karibu wote kwa pamoja. Nilimuuliza dereva wetu kwa nini wasipishane. Akanijibu kwa lugha yangu: "Ukijaza watu kumi kwenye boksi, beki atamkaba nani?" Fisi na simba wanakula mpaka wanachoka, na bado ndama wengi wanapita. Ndama anasimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa, muda si mrefu anakimbia na mama yake. Mimi nimeona mawinga wa Ligi Kuu wanaochukua muda mrefu zaidi kunyanyuka.

Februari ni wakati ambao timu zetu kubwa huwa zina mechi za kimataifa, kwa hiyo watu hawana akili ya kitu kingine. Sawa. Lakini mashabiki wa Arusha, Moshi, Babati na Singida, nyie mnasubiri nini?

Kreta yenyewe haina msimu wa kufungwa. Wanyama wengi wamo mwaka mzima kwa sababu maji yapo mwaka mzima. Pale juu ukingoni uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, unaangalia chini mita kama 600, na sakafu yake ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 260. Picha ya simu haikuambii lolote. Unashuka kwa barabara ya Seneto, unapandia ya Lerai, na katikati yake kuna tembo wenye meno marefu, nyati, viboko, flamingo kwenye Ziwa Magadi, na faru weusi ukibahatika. Hapo ndipo alipoishi Faru Fausta mpaka alipokufa Desemba 2019 akiwa na miaka 57. Kuna makipa wetu wanaodhani wao ndio wamecheza muda mrefu.

Mnyama yupo wa kutosha, watu wa Msimbazi mtafurahi. Watu wa Jangwani msinune, hakuna anayekagua kadi ya uanachama. Twiga tu ndiye humkuti kule chini, yeye anabaki nje ya kreta. Twiga Stars wasinielewe vibaya.

Ukimaliza kreta, njia hiyohiyo ya kwenda Serengeti inakupitisha Olduvai, ambako Julai 1959 Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus. Kuna makumbusho pale na unaweza kukaa ukatazama bonde. Laetoli, ambako nyayo za watu wa miaka milioni 3.6 iliyopita zilikutwa, iko kusini zaidi. Hizo nazipita haraka kwa sababu darasa la tano wote tulifundishwa, na wote tulijibu mtihani bila kufika.

Kinachoniuma zaidi ni kile ambacho hakimo kwenye vitabu, yaani huku kwetu Karatu. Watalii wanalala hapa, wanakula hapa, asubuhi wanaondoka. Wachache wanajua kwamba ukipitia upande wa Tloma, na askari wa hifadhi mbele yako, unatembea msituni mpaka kwenye mapango ya tembo. Tembo wanakwangua ukuta wa udongo kwa meno yao na kula udongo wenyewe kwa ajili ya madini, na wamefanya hivyo miaka mingi mpaka ukuta umekuwa mapango. Mbele kidogo kuna maporomoko ya Endoro. Ni kutembea kwa miguu, hakuna Land Cruiser, na kwa mtu anayecheza bonanza kila Jumamosi haimshindi.

Juni na Julai ligi ikiwa imeisha na nyie mnaishi kwa tetesi za usajili, kwetu buni zinaanza kuiva. Mashamba ya kahawa ya upande wa Oldeani na Daa yanakuwa mekundu, na uchumaji unaendelea mpaka karibu na Krismasi. Nimechuma kwa debe nikiwa shuleni, hela ya viatu vya mpira nilipata huko. Mgeni akija wakati huo anaweza kuchuma, kukoboa, kukaanga na kunywa siku hiyohiyo. Lakini aje na sweta. Narudia, sweta. Baridi ya Julai ya Karatu haijali kama jezi yako ni orijino.

Ukishuka upande wa pili, kilomita 50 hivi, unafika Mang'ola kwenye bonde la Ziwa Eyasi, kwenye vitunguu vinavyoliwa nchi nzima, na majirani zetu Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuokota matunda, na Wadatoga wanaofua vyuma. Hapo naomba jambo moja. Wale ni watu, si wachezaji wa kupigwa picha wakati wa kupasha misuli. Omba ruhusa, lipa panapolipwa, ongea nao Kiswahili maana wengi wanakijua.

Halafu Desemba. Hii ingetakiwa iwe yetu kabisa, watu wa michezo. Karatu ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3:32.16, akiongoza tangu mwanzo mpaka utepe. Taasisi yake ndiyo iliyoanzisha Tamasha la Michezo Karatu, linalofanyika Desemba kwenye Uwanja wa Mazingira Bora: mbio, baiskeli, wavu, ngoma, na mpira wa miguu. Nimelikuta nikiwa mtoto, nikapigana vikumbo kwenye kamba ili nione mbio za baiskeli. Mtu wa Dar anayekwenda Moshi kula Krismasi na ukoo, kama nusu ya Moshi wanavyofanya, angeongeza siku mbili tu angeona tamasha, angeshuka kreta, angerudi na hadithi ya maana kuliko ile ya foleni ya Chalinze.

Sasa turudi kwenye hela.

Kiingilio cha Mtanzania pale getini kinalipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni kwa dola. Tatizo halipo getini. Tatizo ni gari. Kushuka kreta kunataka gari la magurudumu manne yote yanayovuta, na ukilikodi peke yako utaona nyota. Mkiwa saba mnagawana, na hapo ndipo shabiki anapomshinda mtalii wa kawaida, kwa sababu shabiki hasafiri peke yake. Tawi linajua kuchangishana. Tawi lina mweka hazina, lina daftari, lina mtu mkali wa kufuatilia wasiolipa. Muundo upo, kinachokosekana ni mtu wa kuongeza mstari mmoja kwenye bajeti ya safari.

La pili ni malazi. Karatu mjini kuna gesti za bei ya mtu wa kawaida, lakini kuna kaugonjwa ketu ka kumwona kila aliyetoka nje ya wilaya kama mtalii wa dola. Mwaka jana nilikwenda kwenye lodge moja, jina nalihifadhi, kuulizia chakula cha mchana kwa ajili ya timu ya vijana iliyokuwa inapita. Mlinzi akaniangalia kuanzia viatu, akasema hapa ni kwa wageni. Nikamwambia mimi ni mwenyeji, akasema ndiyo maana. Wenye biashara wa Karatu, ndugu zangu, Aprili na Mei mvua za masika zikinyesha mnalalamika vyumba vitupu na mnateremsha bei kwa Wazungu. Aprili na Mei ndiyo ligi inaamuliwa na shabiki yuko barabarani. Barabara za udongo zinateleza, kweli, lakini kreta inakuwa ya kijani kama uwanja ulionyweshewa. Mpigieni simu mwenyekiti wa tawi.

La tatu ni AFCON 2027, sisi na Kenya na Uganda. Arusha ina uwanja mpya wa watu 30,000 pale Olmoti. Wajanja watakuwa wameshagundua: jina hilohilo ni la kreta nyingine ndogo ndani ya Ngorongoro, Olmoti, na kwa Kimaasai ni chungu cha kupikia. Mashindano yanalengwa katikati ya mwaka, yaani kwenye kahawa na baridi yetu. Watakuja Wasenegali, Wamoroko, Wanaijeria. Kati ya mechi na mechi shabiki ana siku tatu za bure. Atamuuliza bodaboda wa Arusha kile alichoniuliza yule mzee wa Yanga, na bodaboda atajibu kwa kusoma bango, kwa sababu hajafika.

Wenzetu waliwahi kulifanya hili vizuri, na hawakuwa matajiri wala maarufu. Kombe la Dunia la 2002, Japani, kijiji cha milimani kinaitwa Nakatsue, mkoa wa Oita, watu kama 1,300 tu, kikaomba kuwa kambi ya Cameroon. Kilikuwa na mgodi wa zamani wa dhahabu uliogeuzwa sehemu ya kutembelea, na uwanja wa mazoezi. Simba Wasiofugika wakachelewa siku kadhaa kwa mgogoro wa posho, wakafika usiku wa manane, na wanakijiji walikuwa wako macho wanawasubiri. Cameroon hawakuvuka makundi. Lakini jina la Nakatsue lilijulikana Japani nzima, na urafiki wao na Cameroon umedumu miaka mingi baada ya kombe. Na Wajapani hao hao ndio waliotoa msaada ikajengwa lami ya Makuyuni mpaka geti la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000. Barabara tumepewa. Kukesha kusubiri wageni ni juu yetu.

Kuna mtu ataniambia Ngorongoro si wanyama na kahawa tu, na yuko sahihi. Eneo lile lilitengwa mwaka 1959 ili binadamu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Tangu 2022 maelfu ya wakazi wamehamia Msomera, Handeni, wengine hawataki kuondoka na wamelisema hadharani. Safu ya mpira haiwezi kumaliza mjadala huo na sitajifanya mtaalamu. Ila mimi naona Mtanzania aliyefika na kuona maboma na ng'ombe kwa macho yake atauongelea vizuri kuliko yule anayeuongelea akiwa kijiweni Kariakoo. Na wenye maamuzi wakijua kwamba anayefika pale ni mgeni wa dola peke yake, watasikiliza dola peke yake.

Klabu nazo zisikwepe. Kama kifua cha jezi kinaweza kuuza nchi Cairo na Casablanca, basi kadi ya uanachama iweze kumpunguzia mtu bei ya safari ya kwenda Ngorongoro. Simba na Yanga wanatangaza wana wanachama kila kona. Mamlaka ya Ngorongoro wanasema wanataka watalii wa ndani. Hao watu hawajakaa meza moja? Mechi yoyote kubwa ikipangwa Arusha, tiketi iuzwe mbili kwa pamoja, ya Jumamosi uwanjani na ya Jumapili getini. Bodi ya Ligi nao wakitoa ratiba mapema bila kuipangua kila wiki, mtu atajipanga. Hapo najua nimeomba muujiza.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani Daa, nikaingia kibanda umiza cha karibu na kwetu kuangalia mechi. Pembeni ya ratiba ya ligi ya Uingereza kuna karatasi imebandikwa, majina kwa kalamu nyekundu na bluu. Nikadhani ni mkeka wa kubeti. Kumbe ni mchango. Vijana wa pale, Simba na Yanga kwa pamoja, wanatoa elfu tano kila mtu kwa wiki kukodi gari moja washuke kreta Februari. Wanaishi chini ya mlima maisha yao yote na hakuna hata mmoja aliyewahi kushuka. Mwenye kibanda, ambaye ndiye mweka hazina, ameandika sheria chini: atakayechelewa mchango haoni mechi.

Gari lina viti saba, majina yapo sita. Nimeweka la kwangu kwa sababu safari ile ya kwanza nilikuwa kazini, sikuangalia vizuri. Mama kasikia, kaniuliza kama kiti cha mbele kimechukuliwa.